Gesi ya Msimbati, korosho za Newala, na serikali zilizoingia kwenye biashara

Uliza pale soko kuu la Mtwara gesi ya Mnazi Bay ni ya nani, utapata majibu mawili tu, kuna atakayesema ya Watanzania na kuna atakayesema ya wazungu, na ubishi utaenda mpaka watu wanafunga meza zao. Mimi nimefuatilia umiliki wake kampuni kwa kampuni na kiukweli hakuna jibu hapo linalokaa sawa. Anayeendesha visima ni Maurel & Prom, kampuni ya Ufaransa, makao makuu Paris, sawa. Lakini tangu 2017 mwenye hisa nyingi ndani ya Maurel & Prom ni Pertamina, na Pertamina ni shirika la mafuta la serikali ya Indonesia. Upande wetu yupo TPDC, shirika la serikali ya Tanzania, ambalo zamani lilikuwa na asilimia 20 na siku hizi lina 40. Yaani ile gesi inayotoka chini pale Msimbati, ambako sikukuu tunapeleka watoto kuogelea, ukifuata mnyororo mpaka mwisho unakuta serikali mbili, moja Dodoma moja Jakarta, na katikati kampuni ya Kifaransa ambayo hisa zake zinauzwa soko la hisa la Paris.

Sogea baharini zaidi kwenye ile gesi kubwa inayosubiriwa Lindi. Kitalu namba 2 kinaendeshwa na Equinor, na serikali ya Norway ina asilimia 67 ya Equinor. Kwenye vitalu vya Shell kwa miaka mingi alikuwepo mbia anaitwa Pavilion Energy, mali ya Temasek, na Temasek mwenye nayo ni wizara ya fedha ya Singapore. Bomba lenyewe la kutoka Mtwara kwenda Dar limejengwa kwa mkopo wa Exim ya China, benki ya serikali ya China. Sasa niambie, tunaposema "mwekezaji binafsi" Kusini huku, tunamsema nani hasa?

Hilo swali limenikaa kichwani tangu nianze kusoma kazi za Adam Dixon, mwanajiografia wa uchumi, hasa zile alizoandika pamoja na Ilias Alami wa Cambridge. Nafundisha jiografia sekondari hapa Mtwara, na watu wengi, hata walimu wenzangu, wanaona jiografia ni mito na mabonde na pepo za kusi na kaskazi, basi. Hawa jamaa wanachora ramani ya pesa. Wanauliza pesa inatoka wapi, inapita mlango gani, kwanini inatua hapa haitui pale, na serikali imesimama wapi katika hiyo safari. Dixon alianzia kwenye mifuko ya uwekezaji ya mataifa, kama ule wa Norway uliojazwa na pesa za mafuta, na Alami alianzia kwenye namna nchi zinazoendelea zinavyohangaika na pesa za nje zinazoingia kwa kasi na kutoka kwa kasi. Walipokutana wakaandika kuhusu ubepari wa serikali, na mi naona kwa mtu wa Lindi na Mtwara hakuna utafiti unaotugusa kama huu hata kama wao hawajatuandika sisi.

Hoja yao nikiisema kwa lugha ya kwetu ni hivi. Kuanzia miaka ya 80 tuliambiwa serikali itoke kwenye biashara, iuze mashirika ya umma, soko litafanya kazi yake, na kweli tuliuza. Lakini ukiiangalia dunia ya miaka 20 hii iliyopita serikali zimerudi tena, na hazijarudi kama zamani za kupanga bei ya sukari na kugawa vitenge dukani, zimerudi zikiwa na mtaji mkononi, zinamiliki makampuni yanayoshindana nchi za watu, zina mifuko inayonunua hisa duniani kote, zina benki zinazokopesha miradi ya mbali kabisa na kwao. IMF yenyewe mwaka 2020 ilihesabu kwamba katika makampuni 2,000 makubwa zaidi duniani mashirika ya umma yana mali ya kama dola trilioni 45, karibu asilimia 20 ya mali zote za makampuni hayo, na hiyo sehemu imekuwa mara mbili ndani ya miaka kumi tu. Na hapa wanasema kitu muhimu, kwamba soko halijashindwa na serikali, serikali yenyewe imeingia sokoni inatafuta faida kama wengine, inashindana kama wengine, na sababu mojawapo ni kwamba uchumi wa dunia umepoa, viwanda vimejaa kuliko wanunuzi, kwahiyo kila serikali inasukuma makampuni yake yapate nafasi nje.

Kingine wanachosisitiza ni kwamba hii sio tabia ya China na Waarabu wa Ghuba peke yao. Wenzetu wa magharibi wanapenda kuwanyooshea kidole China, oh China inatumia benki za serikali, oh sio ushindani wa haki. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuona ukweli, tuvuke Ruvuma tu. Ule mradi wa LNG, yaani gesi inayopozwa mpaka iwe kimiminika ipakiwe melini, wa TotalEnergies pale Palma, Cabo Delgado, Exim ya Marekani ilikubali kuukopesha dola bilioni 4.7, na Uingereza mwaka 2020 ikaahidi mpaka dola bilioni 1.15 kupitia idara yake ya kudhamini mauzo ya nje. Hao ndio wahubiri wa soko huria. Machi 2021 Palma ikavamiwa na waasi, Aprili mradi ukasimamishwa, na ndugu zetu wakavuka mto kukimbilia huku na vifurushi kichwani, maana Wamakonde tupo pande zote mbili za ule mto na mpaka ulituchora katikati. Mikopo ile ilihesabiwa London na Washington, ila waliokuwa wanakimbia ni watu wenye majina kama ya kwetu.

Na Msumbiji hiyohiyo kuna habari ya yale madeni ya 2013 na 2014, ya boti za kuvua jodari na meli za doria, kama dola bilioni 2, benki za Ulaya zikakopesha makampuni yaliyoundwa harakaharaka, na serikali ya Msumbiji ikatoa dhamana kimyakimya bunge halijui. Ilipofichuka 2016 IMF na wafadhili wakasimamisha misaada, sarafu yao ikaporomoka, bei ya mkate na mchele ikapanda mpaka kwa mama wa Mueda ambaye jodari mwenyewe hajawahi kumuona. Hii ndio maana mimi neno dhamana ya serikali nikilisikia bungeni nasimamisha shughuli nasikiliza. Dhamana maana yake mradi ukifa, mlipaji ni wewe.

Sasa turudi nyumbani, maana Kusini tumekuwa darasa la mambo haya tangu kabla ya uhuru na nashangaa hatujifundishi historia hii vizuri.

Mji wa Mtwara huu tunaoishi, na barabara zake pana zilizonyooka, ni mtoto wa karanga. Kabla ya hapo mji ulikuwa Mikindani na makao ya jimbo yalikuwa Lindi, hapa palikuwa na wavuvi. Baada ya vita vya pili Uingereza ilikuwa haina mafuta ya kula, watu wanapewa mgao, na zaidi ya hapo haikuwa na dola za kununulia mafuta kwingine, ina pauni tu. 1946 bosi mmoja wa United Africa Company, kampuni ya Unilever, akapeleka wazo serikalini kwamba Tanganyika inaweza kulimwa karanga kwa matrekta, ukatumwa ujumbe wa wataalamu, ukarudi na ramani ya zaidi ya ekari milioni 3, na sehemu kubwa kuliko zote ilipangwa iwe huku Kusini, Nachingwea. 1947 kazi ikaanza, 1948 likaundwa shirika la serikali la kusimamia, vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa visiki. Ikajengwa reli, ikachimbwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na Nachingwea mpaka leo kuna mahali panaitwa Farm 17, namba ya shamba la wakati ule, ambapo baadaye FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifanya kambi yao.

Januari 1951 Uingereza ikafuta mpango. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikuja walivyodhani, mashine zikafa, na hasara ikaandikwa kama pauni milioni 36. Na hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye somo lenyewe. Kampuni binafsi ilileta wazo na mwanzoni ikapewa kuusimamia mradi, lakini mtaji ulikuwa wa serikali, kwahiyo hasara ilipokuja ilikaa kwa walipa kodi wa Uingereza. Sisi hatukudaiwa senti kwa zile karanga. Tulibaki na bandari na mji, na reli kidogo, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 60 ilifungwa na kung'olewa kwasababu mizigo haikutosha kuilisha, na leo miaka zaidi ya 60 baadaye bado tunasikia habari za reli ya Mtwara mpaka Mbamba Bay na serikali inatafuta mbia wa kuijenga. Pesa ikiondoka inaacha vitu ardhini, na hivyo vitu ndivyo vinaamua pesa inayofuata itatua wapi. Gati lililochimbwa kwa ajili ya karanga limekuja kupitisha korosho, simenti, na miaka hii ya karibuni makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Hiyo ndio jiografia ninayotaka wanafunzi wangu waione, sio kukariri urefu wa mto.

Raundi ya pili ilikuwa viwanda vya korosho miaka ya 70, na hii kwangu ndio inauma kuliko ya karanga. Msimu wa 1973/74 tulivuna kama tani 145,000, tulikuwa miongoni mwa wakubwa duniani, ikaonekana ni aibu kupeleka korosho ghafi India wabangue wao. Wazo zuri kabisa na mpaka leo ni zuri. Serikali ikachukua mikopo, ikiwemo ya Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda kama 12 vyenye mashine za Italia na Japani, Mtwara, Newala, Masasi, Nachingwea, Lindi na kwingine. Wakati huohuo operesheni vijiji ikawahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na ilipofika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vikafungwa, vingine havikuwahi kufanya kazi ya maana, baadaye vikauzwa na baadhi vikageuka maghala ya kuhifadhia zilezile korosho ghafi zinazosubiri meli.

Linganisha na karanga. Mkopo wa viwanda ulikuwa wa kwetu, kwa dola, na kiwanda kufa hakuui deni. Safari hii hasara haikuenda London, ilibaki hapahapa na kugawiwa nchi nzima, mpaka kwa mtu wa Kigoma ambaye hana hata mche wa mkorosho. Kwahiyo mtu akiniuliza kipi bora serikali au sekta binafsi namwambia swali hilo halinisaidii chochote, niambie mradi ukianguka nani anabaki na bili.

Halafu ikaja gesi na wakati huo wengi wenu mlikuwepo. Kuanzia 2010 huko kwenye kina kirefu visima vikawa vinagunduliwa kimoja baada ya kingine, hesabu ikafika futi za ujazo trilioni 57, na mji ukachangamka ajabu. Mtwara kuchele! Watu waliuza viwanja Shangani na Mikindani kwa bei ambazo wazee hawakuamini, nyumba zikajengwa kwa ajili ya wageni na kodi ikatajwa kwa dola, gesti zikaota kila kona, vijana wakakopa wakanunua pikipiki na magari ya kukodisha. Mimi nasema hao vijana na wale wenye nyumba nao walikuwa wawekezaji, walisoma dalili wakaweka mtaji wao, na pesa yao haikuwa na dhamana ya mtu yeyote. 2014 bei ya mafuta duniani ikaanguka, makampuni yakapunguza shughuli, BG, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na vitalu vya gesi huku, ikanunuliwa na Shell mwanzoni mwa 2016, wageni wakaondoka, na nyumba zikabaki na vibao vya kupangisha mpaka rangi ikafifia. Kwenye ripoti za makampuni kipindi kile kinaandikwa mstari mmoja tu kuhusu kusogeza mbele uamuzi wa uwekezaji. Huku kilikuwa mkopo wa benki usiolipika na kiwanja kilichouzwa kwa mnada.

Katikati ya hapo ndipo bomba. Nitalisema kwa heshima kwasababu watu walipoteza maisha. Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara wakisema gesi haitoki, Januari 2013 vurugu zikafika Masasi, na Mei 22, 2013, watu wakiwa wamekaa na redio wakisikiliza bajeti ya Nishati na Madini na bomba likathibitishwa, mji ukalipuka. Walioandika kutoka mbali waliita uchoyo, kwamba watu wa Kusini wanataka gesi yao peke yao. Mi nasema watu walikuwa wanauliza swali la kijiografia kabisa, thamani inaongezwa wapi? Kwa mtu aliyeona reli ikiondoka na viwanda vikifa, kuona na gesi inapita chini ya miguu kwenda Kinyerezi, Dar, sio jambo dogo, na halmashauri kuambiwa itapata ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 hakumtulizi.

Lakini kuna upande mwingine wa bomba ambao hatukuujadili kabisa kipindi kile na hapa ndipo kazi za Alami zimenifungua macho. Mkopo ulikuwa dola bilioni 1.225. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,580, kwahiyo ni kama shilingi trilioni 1.9. Katikati ya 2024 dola ilifika kama 2,600, na dola zilezile bilioni 1.225 zikawa shilingi trilioni 3.2. Bomba halijarefuka hata mita moja. Sawa, deni hupungua kadri linavyolipwa, lakini nataka uone mwelekeo, gesi inauzwa zaidi kwa TANESCO, TANESCO inakusanya shilingi kwenye luku zetu, na mkopo unadai dola. Pengo hilo linabebwa na aliyekopa. Alami ameandika sana kuhusu hili, kwamba pesa za dunia hazina cheo sawa, kuna sarafu za juu na sarafu za chini, na nchi yenye sarafu ya chini inalipa gharama ya ziada kila inapokopa hata kama imefanya kila kitu vizuri. Na miaka ya mwanzo bomba lilipitisha sehemu ndogo sana ya uwezo wake, kwahiyo marejesho yaliendelea huku gesi ya kuyalipia haijatosha.

Na hizo dola tunazozitafuta zinatoka wapi? Nyingine zinatoka kwenye korosho za huku huku. Mkulima wa Tandahimba analeta dola nchini kila msimu kupitia meli za India na Vietnam, analipwa shilingi, na salfa inayopuliziwa mikorosho inaagizwa kwa dola. Serikali inakata kodi ya kusafirisha korosho ghafi, asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Zamani sehemu kubwa ya makato hayo, asilimia 65, ilirudi kuendeleza zao, pembejeo na utafiti pale Naliendele, mpaka 2018 sheria ya fedha ilipobadilishwa zote zikaenda Hazina, na wabunge wa Kusini walisimama wakapinga mpaka wakachoka.

Mwaka huohuo Novemba ikatokea ile ambayo hakuna mtafiti wa ubepari wa serikali anayepaswa kuikosa. Wanunuzi walileta bei za chini mnadani, wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli akatengua mawaziri wawili, akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya JWTZ yakaja kusomba. Siku ile vijijini watu walishangilia kwa dhati na mimi siwalaumu hata kidogo, maana kwa mara ya kwanza kuna mtu alisimama mbele ya mnunuzi akasema hapana. Ila serikali ikishanunua inakuwa mfanyabiashara, ana mzigo ghalani unaopungua uzito, anatafuta mteja, na wateja ni walewale aliogombana nao. Malipo yakaenda na uhakiki, anayesemekana ni kangomba, yaani mlanguzi aliyenunua korosho za wakulima nje ya utaratibu, anawekwa pembeni, wengine walisubiri miezi. Nilienda kumsalimia mjomba wangu Newala wakati ule, nikaanza kumueleza habari za soko la dunia na bei ya Vietnam, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mpwa wangu, anayenunua awe Mhindi awe Rais, mimi nataka kujua analipa lini, mana shule zinafungua."

Kwa ardhi nitapita haraka, siku nyingine nitaandika kwa kirefu. Kilwa ilikuja kampuni ya Kiholanzi kulima mibono kwa ajili ya mafuta ya mashine, ikachukua maelfu ya hekta kutoka vijijini, 2010 ikafilisika. Ardhi ya kijiji ili apewe mwekezaji wa nje lazima ihamishwe iwe ardhi ya jumla chini ya serikali, na mwekezaji akiondoka hairudi yenyewe kijijini. Kampuni ilikufa kisheria Uholanzi, ardhi ikabaki imehama.

Na sasa tunaingia kwenye LNG ya Likong'o, mradi unaotajwa kwa zaidi ya dola bilioni 40, kuliko kitu chochote kilichowahi kujengwa nchi hii. TPDC imeshapewa zaidi ya hekta 2,000 pale, wananchi wa Likong'o na mitaa jirani walilipwa fidia 2020, 2023 wakatangaza mazungumzo yamekamilika, halafu kimya kikatanda tena. Lindi watu wanashikilia viwanja kama tulivyoshikilia sisi 2012, na nina wasiwasi nao kweli. Nawaomba ndugu zangu wa Mitwero na Ng'apa, kabla hujakopa kujenga gesti, jua kwamba anayeamua lini jembe litaingia ardhini anaangalia bei ya gesi Asia, anaangalia Palma pametulia kiasi gani, anaangalia Qatar wanaongeza uzalishaji kiasi gani. Na wabunge wetu waulize yale yasiyopendeza, hisa za TPDC zitalipiwa kwa mkopo wa nani, kwa sarafu gani, Hazina imeweka dhamana ipi, na bei ya LNG ikishuka chini ya gharama nani anaacha kulipwa kwanza.

Nina ugomvi wangu mmoja na hawa watafiti ninaowapenda. Serikali yao ni ya juu, mfuko wa taifa, benki ya Exim, shirika la mafuta, wizara. Haifiki chini. Nilipomaliza kuchora mnyororo wa Mnazi Bay ubaoni, Msimbati, Paris, Jakarta, Dodoma, mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Tandahimba akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na AMCOS je, ile ni serikali au ni soko?" Darasa likacheka lakini lile swali halina jibu jepesi na bado nalifanyia kazi. AMCOS, kile chama cha msingi cha ushirika, ni ya wakulima, wanachagua viongozi, wana hisa. Lakini sheria ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani zikauzwe kwa mnada, ndiyo inayokuzuia kuuza nje ya mfumo, bei inasomwa mnadani mkuu wa wilaya akiwa amekaa meza kuu, makato ya halmashauri na chama kikuu na ghala yanakatwa kabla pesa haijakufikia, na benki inayopitisha malipo yako ndiyo inayokukopesha wakati wa kiangazi kwa kuangalia mavuno yako ya mwaka jana. Mkulima ni mmiliki kwenye karatasi na ndiye wa mwisho kwenye foleni ya kulipwa, kama mwenye hisa wa kawaida kampuni inapofilisika. Nilimjibu hivyo, na nikamwambia aende likizo akamuombe katibu wa AMCOS ya kijijini kwao ile karatasi ya mchanganuo wa makato ya msimu uliopita, aje nayo darasani tuisome mstari kwa mstari.